Watoto wa deikea wanatapika na kuharisha kwa zamu: kabla hamjamfukuza mpishi wa uji

MamaDoto (mleta uzi)

Habari za jioni wana jukwaa. Mods naomba msiuunganishe huu na ule uzi wa kipindupindu, ni mambo mawili.

Wenye watoto deikea mnajua msimu huu wa baridi unavyokuwa. Mtoto mmoja katapika Jumatatu, wakamfuta, wakamlaza kwenye godoro na wenzake. Jumatano wanne hawajaja. Ijumaa mlezi naye yuko hoi. Jioni yake baba mmoja akauliza kwenye grupu la WhatsApp uji umepikwa na nani, na tangu hapo moto haujazimika. Kwetu huku Tabata wengi wanataka mpishi aondoke. Kuna anayesema ni mtindi. Kuna anayesema ni meno. Sasa jamani, darasa zima liote meno wiki moja?

Mimi ni mhasibu, si mtu wa afya, ila hesabu ya uji imegoma kuniingia akilini. Watoto wadogo kabisa ambao hawajaanza uji, wanaoletewa maziwa ya mama yaliyokamuliwa nyumbani, nao wameharisha. Bibi wa mtoto mmoja hajawahi kufika pale kituoni, katapika usiku kucha baada ya kushinda na mjukuu. Huyo bibi kala uji gani?

Nilichokiona kwa macho yangu ni hiki. Nilifika mapema kumchukua wangu, nikasimama mlangoni mwa chumba cha kubadilishia pampasi. Meza moja, juu yake mpira uliotandikwa kitenge. Dada mmoja, watoto wako foleni. Anamfuta huyu, anaviringisha pampasi, anaitupa kwenye ndoo isiyo na mfuniko, anajipaka jeli ya mikono matone mawili, anamvuta wa pili juu ya kitenge kilekile. Alipomaliza wa mwisho alishika sinia la machungwa yaliyomenywa akaanza kugawa.

Naomba wataalamu mnisaidie: huu ni ugonjwa gani, mtoto arudi kituoni lini, na tunaongeaje na mwenye kituo bila kugombana?

Kiluvya_Kwetu

Nimeweka kambi. Wa kwangu ameanza jana usiku, mashuka yote yameisha kabatini.

FundiMwalimu

Hayo ni meno ya plastiki. Mpelekeni kwa wale mabibi wanaoyang'oa, siku mbili mtoto anacheza. Tusijifanye wazungu.

NesiWaZamu

FundiMwalimu kaka, kwa heshima zote, futa hiyo. Kinachoitwa meno ya plastiki ni vichipukizi vya meno halisi ya mtoto vinavyoonekana vyeupe chini ya ufizi. Kuna wanaovichokonoa kwa spoki ya baiskeli. Mtoto aliyekuwa anaharisha tu anarudi na jeraha kinywani, damu haikati, hawezi kunyonya wala kunywa maji, na maji ndiyo kitu pekee alichokuwa anakihitaji. Tumewapokea wodini wakiwa katika hali hiyo. Na tukishamaliza hilo, asije mwingine kusema mtoto amebemendwa. Wazazi wa darasa zima hawawezi kuwa wamechepuka wiki moja.

Dada MamaDoto, hoja yako ya bibi na ya wanaonyonya ndiyo hoja yenyewe. Chakula kikiharibika, waliokula wanaanguka pamoja ndani ya saa chache, na wasiokula wanabaki salama. Hapa wanaanguka kwa zamu, na aliyeko nyumbani anaangushwa na aliyetoka kituoni. Mara nyingi hivyo ni virusi, na wanaosumbua zaidi ni wawili, rota na noro.

Rota inawaonea wenye umri wa chini ya miaka miwili. Kutapika na homa, kisha choo cha maji, siku 3 hadi 8, na inamkausha mtoto haraka mno. Iligunduliwa mwaka 1973 na Ruth Bishop na wenzake kule Melbourne, Australia, walipotazama kwa hadubini ya elektroni vipande vya utumbo wa watoto waliolazwa kwa kuharisha. Kabla ya chanjo, karibu kila mtoto duniani alikuwa ameshaipata kabla ya kufika miaka mitano, awe wa Oysterbay au wa Tandale. Tofauti ilikuwa nani anafikishwa kwenye dripu kwa wakati.

Noro haina umri. Inapiga mtoto, mlezi, baba mtu na bibi, kwa siku 1 hadi 3, kisha inaondoka. Jina lake limetokana na mji wa Norwalk, Ohio, Marekani, ambako mwaka 1968 wanafunzi na walimu wa shule moja ya msingi waliugua kwa mkupuo. Kwa hiyo toka mwanzo huu ni ugonjwa wa sehemu zenye watoto wengi. Chembe zisizofika 100 zinatosha kumwangusha mtu, na aliyetapika ameshamwaga mamilioni.

Kwa asiye na maabara, kuna vigezo vya kutambua mlipuko wa noro, vya mwaka 1982, vya mtafiti Kaplan na wenzake ambavyo mimi huvitumia mpaka leo: zaidi ya nusu ya wagonjwa wanatapika, kutoka kuambukizwa hadi dalili ni saa 24 hadi 48, ugonjwa wenyewe unadumu saa 12 hadi 60, na choo kikipimwa hakina bakteria. Hicho cha mwisho ndicho kinahitaji maabara, vitatu vya kwanza unavijua ukiwa na daftari la mahudhurio. Ukimwongeza mlezi aliyelala hoi na yule bibi, mimi ningesema noro. Ila sijawaona wagonjwa, kwa hiyo bado wapelekwe wakaonwe.

BabaAyan

Asante nesi. Duka la dawa wamenipa flajili na kidonge cha kufunga tumbo. Nimpe? Ana mwaka na miezi minne.

NesiWaZamu

Usimpe. Flajili haigusi virusi, itamletea kichefuchefu juu ya kichefuchefu. Na dawa ya kufunga tumbo si ya mtoto wa umri huo kabisa, inaweza kusimamisha utumbo.

Mpe ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Soma pakiti kwanza, nyingi ni za lita moja ya maji safi lakini zipo za nusu lita, na ukikosea maji umeharibu dawa. Iliyochanganywa ikikaa saa 24 mwaga. Kila akiharisha, chini ya miaka miwili mpe mililita 50 hadi 100, miaka miwili na kuendelea 100 hadi 200. Akitapika subiri dakika 10, kisha anza upya, kijiko kimoja kimoja kila dakika moja au mbili. Wazazi wengi wanakosea hapa: mtoto ana kiu, anamimina kikombe kizima, kinarudi chote, mama anasema "ORS anaikataa". Hajaikataa, amenyweshwa kwa pupa.

Zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14 (chini ya miezi sita ni 10). Malizeni hata akiacha kuharisha. Anyonye kama kawaida na ale. Soda na juisi za boksi ziacheni, sukari yake inavuta maji utumbo uzidi kumwaga.

Ukiona macho yamezama, analia bila machozi, ukifinya ngozi ya tumbo inarudi polepole, hakojoi, amelegea hata kunyanyua shingo shida, anatapika kila kitu, au kuna damu kwenye choo, funga jukwaa uende kituo cha afya. Choo kikiwa kama maji ya mchele nenda mbio, huenda ni kipindupindu, hapo tumehama kwenye mada ya uzi huu.

Madam_Rehema

Nilikuwa nasoma kimya. Mimi ni mwenye deikea, siyo hiyo ya Tabata. Ngojeni niwape upande wa pili.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mama anashuka kwenye bodaboda. Mtoto macho yamelegea, ukimpokea unasikia joto. Unauliza, unaambiwa "hakulala vizuri tu madam". Saa nne ile dawa ya homa aliyonyweshwa nyumbani inaisha nguvu, mtoto anatapika kwenye mkeka waliokaa wenzake. Unapiga simu ya mama, haipatikani. Ya baba, anakwambia yuko saiti mpaka jioni. Nifanye nini, nimweke nje ya geti? Namlaza, na huyo dada anayemfuta ndiye atakayelisha wengine mchana, kwa sababu ada mnazolipa zinaniruhusu kuwa na walezi wawili, si watano.

Nikimkatalia asubuhi, mama anahamia kituo cha mtaa wa pili. Na kule watampokea. Mnasema jeli, mnasema kitenge, sawa, hayo nayapokea na kesho nitayarekebisha. Lakini kila mlipuko niliowahi kuuona ulianza na mtoto ambaye mzazi wake alijua usiku kwamba anaumwa.

Kiluvya_Kwetu

Umenigusa madam. Ila na sisi tuna mabosi.

WakiliMsikivu

Hapo Kiluvya ndipo penyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka siku 4 za likizo yenye malipo kwa mfanyakazi ambaye mtoto wake anaumwa. Inasikika vizuri mpaka usome vizuri: hizo hizo 4 ndizo za kufiwa na mtoto, mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu, na ni kwa mzunguko wa miezi 36. Sasa pigeni hesabu. Noro siku mbili, ongeza mbili za kusubiri kabla hajarudi kituoni, zimeisha. Na hapo bado hujafiwa.

Huyo ni mwenye mkataba. Mama ntilie na muuza mitumba wana siku 0.

Dada_Leicester

Nawasalimu kutoka Uingereza. Nafanya kazi nasari hapa, vyumba vya watoto wa chini ya miaka miwili. Kanuni yetu ni saa 48 tangu alipotapika au kuharisha mara ya mwisho, si tangu alipoanza. Mtoto akitapika saa tano, mzazi anapigiwa simu aje, na hakuna majadiliano. Mlezi naye akiugua ni hivyo hivyo. Wakiugua wawili au zaidi kwa mpigo tunawapigia watu wa afya ya jamii.

Msidhani huku ni peponi. Wazazi wanadanganya kama huko, nao wana mabosi. Noro tunayo kila baridi, hata jina walishaipa, wanauita ugonjwa wa kutapika wa majira ya baridi. Kilichopungua kweli ni rota, tangu chanjo iingie Julai 2013. Wenzangu waliokuwepo kabla yake wanasimulia kipindi ambacho kila Februari na Machi chumba kilikuwa kinabaki nusu.

Kuhusu jeli, dada MamaDoto umeona sawasawa. Jeli ya spiriti ni dhaifu mbele ya noro. Hapa kazini ni sabuni na maji yanayotiririka baada ya kila pampasi, mlezi na mtoto wote wawili wananawa. Watu wanasahau kumnawisha mtoto, na mikono yake ndiyo ilikuwa inachezea kule chini wakati unafungua pampasi.

Wanjiku_Mukuru

Mnazungumza maji yanayotiririka kama vile yapo. Huku Nairobi mitaa yetu beibikea ni chumba kimoja cha mabati, mama mmoja na watoto kumi na zaidi, na maji ni ya kununua kwa mtungi. Mtungi ukiwa ghali ananawisha watoto wote kwenye beseni moja. Simlaumu, anatoza pesa kidogo kwa siku na wengine hawalipi. Mnamshauri nini huyo?

NesiWaZamu

Dada Wanjiku, beseni moja ni kuwagawia virusi kwa usawa. Mwambie atengeneze kibuyu chirizi. Dumu la lita 5, tundu dogo karibu na mdomo, kamba na kijiti cha kukanyagia, sabuni imening'inizwa pembeni kwa uzi. Dumu linainama kwa mguu, hakuna mkono unaoligusa, na maji yanatoka kidogo kidogo hivyo hayaliwi hovyo. Chini aweke ndoo, yale machafu amwage chooni.

Cha pili, atenganishe mikono. Akiwa na msichana wa kumsaidia, mmoja wa pampasi na mwingine wa chakula, siku nzima, bila kubadilishana. Akiwa peke yake, chakula kwanza pampasi baadaye, pale inapowezekana.

Na wote mliouliza inbox kuhusu jik, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, naijibu hapa hapa. Angalia chupa, nyingi zinazouzwa huku ni asilimia 3.5. Kwa hiyo, kikombe 1 cha jik kwa vikombe 6 vya maji ni kwa matapishi na kinyesi. Kikombe 1 kwa 34 ni kwa meza, vitasa, poti na vinyago vya plastiki. Kwanza ondoa uchafu wenyewe kwa karatasi au kitambaa cha kutupa, ndipo umwagie, maana jik ikikutana na matapishi mabichi nguvu inaishia huko. Acha angalau dakika 5, mimi huacha 10. Vinyago suuza kabla mtoto hajaviweka mdomoni. Anza kufuta kutoka mbali kuja kwenye dimbwi, kwani matapishi yanaruka mbali kuliko jicho linavyoona. Changanya mpya kila siku, na kamwe usiichanganye na ile dawa ya kung'arishia choo, mtavuta hewa ya sumu.

Kile kitenge kiondoke. Mpira mtupu unafutika, kitenge kinanyonya. Vidoli vya manyoya navyo viingie kwenye gunia mpaka mlipuko uishe, au vifuliwe kwa maji ya moto.

MtuWaUshahidi

Swali la uchokozi kidogo. Wangu alipata matone yote mawili ya rota kliniki, kadi ninayo. Mwaka jana kaharisha mpaka akalazwa, wakapima wakasema ni rota. Kuna haja gani ya hiyo chanjo?

NesiWaZamu

Swali halali kabisa. Tanzania iliizindua mwishoni mwa 2012 na kuanza kuitoa kote 2013, Kenya ikafuata 2014, zote zikaanza na dozi mbili, ya wiki 6 na ya wiki 10. Utafiti uliochapishwa 2010 kutoka Malawi na Afrika Kusini ulionyesha iliwakinga watoto dhidi ya rota kali kwa asilimia 61 kwa ujumla, Malawi peke yake ikiwa 49 na Afrika Kusini 77. Huko Ulaya namba ni kubwa zaidi. Sababu zinazotajwa ni lishe, kingamwili za maziwa ya mama, na utumbo wa mtoto wetu unaokutana na wadudu wengi mapema. Kwa hiyo ndiyo, mtoto aliyechanjwa anaweza kuugua, na yupo ambaye atalazwa.

Lakini kupunguza hata nusu ya vitanda vya rota wodini si kitu kidogo kaka. Mimi nimefanya kazi wodi hiyo kabla na baada. Na haikingi noro hata chembe, huo ni ukoo mwingine, kwa hiyo mkiona waliochanjwa wanatapika wiki hii msiilaumu.

FundiMwalimu

Sawa nesi, nimekuelewa ya spoki. Ila mama yangu alitulea saba na alituwekea chumvi na sukari kwenye maji, hatukuhitaji pakiti.

NesiWaZamu

Mama yako alikuwa sahihi, shikamoo yake. Pakiti zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kupiga flati. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo pakiti ikiwepo tumieni pakiti.

MamaDoto (mleta uzi)

Nawashukuru wote, mrejesho huu hapa. Tumekaa kikao na mwenye kituo chetu. Nilikwenda na daftari la mahudhurio nikaonyesha nani alianza, nani akafuata, na nani hali chakula cha pale. Mpishi amebaki. Yule baba aliyeanzisha moto hakuja.

Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri tulimwalika, kwa kuwa vituo hivi vinasajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 na wao ndio wanaokagua. Akaja na afisa afya wa kata. Walichoangalia kwanza wala si jiko, ni ile meza ya pampasi na umbali wa kutoka pale hadi kwenye bomba. Bomba liko nje nyuma ya choo, mlezi alitakiwa kuwaacha watoto peke yao ili akanawe. Ndiyo maana alikuwa anatumia jeli. Sasa kibuyu chirizi kimefungwa kando ya meza, ndoo ya pampasi imepata mfuniko, na dada wa pampasi hashiki sinia.

Kanuni ya kusubiri saa 48 imepitishwa kwenye kikao, kila mzazi kasaini. Kilichobaki ni pesa. Wazazi wanataka siku za ugonjwa zipunguzwe kwenye ada. Mwenye kituo anasema mishahara ya walezi haipungui mtoto akilala nyumbani.

Madam_Rehema

Na ana haki. Kwangu nilijaribu kurudisha nusu, muhula mmoja tu, nikaacha. Watu walianza kuugua kila Ijumaa.

WakiliMsikivu

Hahaha. Ila bila kurudisha chochote, mzazi anayelipwa kwa kutwa amepoteza kibarua na ada pia. Huyo saini yake mtaiona mpaka baridi ijayo?

MamaDoto (mleta uzi)

Hapo ndipo tulipogombana mpaka giza likaingia. Kuna pendekezo la wazazi kuchangia kidogo kila mwezi, mfuko wa mlezi wa akiba anayeitwa mmoja akiugua, na mwenye kituo aache kutoza chakula kwa siku ambazo mtoto hayupo. Nusu wamekubali. Kikao kingine ni Jumamosi, mwenye deikea iliyowahi kufanya hivyo aniambie walichanga shilingi ngapi na nani alishika hela.